Ganzi ya Vidole na Mlango wa Pikapu ya Halima

Mnaniita mzee, na mimi nina miaka thelathini na saba. Sikatai. Mtu anayepanda ngazi za daraja la miguu pale Jogoo Road na kusimama katikati akijifanya anaangalia magari, mwacheni aitwe mzee. Juzi mmoja wenu alidhani nimelala kwenye kile kiti kilichong'olewa kwenye basi, akamwambia mwenzake, "Huyo zamani alikuwa anapiga rangi mpaka unaweza kunyoa ndevu ukijiangalia kwenye bodi." Nilisikia. Asante.

Nimestaafu, ila bado nakuja gerejini kwa sababu nyumbani ni kimya na kimya kinachosha kuliko kelele. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sishiki mashine ya kupulizia rangi, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Leo naandika jibu lenyewe, maana nikizungumza sana pumzi huisha kabla ya maneno. Shule niliishia darasa la nane. Mkikuta kosa, likwepeni kama shimo la barabarani mwendelee.

Jibu ni hili. Niliugua kansa ya mapafu, nikatibiwa kwa dripu za kemo na kwa mionzi, na kansa ikanyamaza. Nikataka kurudi kupiga rangi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kilichonishinda ni yale ambayo matibabu yaliacha mwilini, na juu ya hayo, uongo wangu mwenyewe.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie kuhusu maziwa.

Nilipoingia hapa nikiwa na miaka kumi na saba, Mzee Wekesa ndiye alikuwa mkubwa wa upande wa bodi, kama alivyo hata sasa. Mnamjua akiwa amepunguza maneno. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa ametoka karakana ya reli walipopunguza watu, akaja na nyundo zake ndani ya gunia na tabia ya kuvaa tai kila Ijumaa, hata kama siku nzima atalala chini ya lori. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba ukimaliza kupiga gari rangi, lazima unywe pakiti ya maziwa. "Maziwa huosha kifua," alisema, na sisi tuliamini kama tulivyoamini kwamba jua litachomoza. Barakoa yetu ilikuwa kipande cha fulana kilichofungwa nyuma ya kichwa. Jioni tulitema makohozi ya rangi ya gari lililotoka. Tulifanya hata mashindano. "Leo nimekohoa teksi ya njano," mtu anasema, na mwingine anamjibu, "Hiyo si kitu, mimi nimekohoa gari la mazishi."

Tulicheka sana. Nikikumbuka sasa nachoka tu.

Miaka mingi baadaye nilimweleza Sista Njoki, muuguzi wa kliniki ya kansa, habari ya maziwa. Aliweka kalamu chini. "Mesh," akasema, "maziwa yana njia yake na pumzi ina njia yake. Miaka yote hiyo ulikuwa unaosha tumbo." Daktari naye hakutaka kulaumu rangi peke yake. Nilikuwa nimevuta sigara miaka kadhaa, na nimekula vumbi la kila aina. Alisema hawezi kunyoosha kidole kwa kitu kimoja, ila sisi wapiga rangi tuko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko wengi. Kwa hivyo nunueni ile barakoa ya vikopo viwili. Siku utakayoanza kunusa thina ya kuyeyushia rangi ukiwa umeivaa, vile vikopo vimekwisha, badilisha. Usiseme utamaliza gari hili kwanza. Mimi nilikuwa hodari wa kumaliza gari hili kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Ninyi mnapenda rangi kwa sababu inang'aa na inapigwa picha. Rangi ni robo ya kazi. Kazi ni kupapasa. Mlango uliogongwa ukishanyooshwa na kupakwa fila ya kuzibia mabonde, ukasuguliwa msasa, macho yatakudanganya kwamba uko sawa. Hapo ndipo Mzee Wekesa alikuwa anasimama nyuma yako na kusema, "Funga macho." Unaweka kitambaa chembamba juu ya bodi, unapitisha kiganja polepole kutoka taa mpaka taa, na kila mahali mkono unapozama au kupanda unaweka alama ya chaki. Tumieni mkono wa kushoto kama ninyi ni wa kulia. Mkono usiofanya kazi nyingi una ngozi laini, unasikia zaidi. Mimi nilikuwa nasikia bonde jembamba kama ukucha. Mzee alikuwa akipita nyuma yangu na mkono wake, anakuta chaki zangu zote mahali pake, ananyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa cheti changu.

Na nilikuwa na ndoto, msinicheke. Nilikuwa nimechora kwenye daftari gereji yangu, kule mtaa wa Tena, yenye chumba cha rangi chenye feni mbili za kutoa hewa na sakafu inayomwagiwa maji kabla ya kazi ili vumbi lisipande. Nilikuwa nimechagua mpaka rangi ya geti.

Kikohozi kilianza nikiwa na miaka thelathini na mbili. Kwanza nilitibiwa kifua kikuu, miezi kadhaa ya vidonge, kwa sababu mtu wa umri wangu anayekohoa huku kwetu hilo ndilo hufikiriwa kwanza. Kikohozi hakikusikia. Nilipokohoa damu ndipo wakatafuta zaidi, wakaikuta.

Siku za dripu siwezi kuzieleza vizuri, na sitaki. Nitawaambia kuhusu mionzi, kwa sababu hiyo ninyi mtaielewa haraka. Kabla ya kuanza, walinilaza kwenye mashine wakanichora kifuani alama ndogo za kuonyesha mionzi ipite wapi. Nikamwambia yule mtaalamu wa mashine, "Hapa mnafunga gazeti na tepu." Hakuelewa, nikamweleza: sisi kabla ya kupiga rangi hufunika vioo na taa, ili rangi iende pale tu inapotakiwa. Akafikiri, akasema, "Ni hivyo hivyo. Na nyinyi rangi huwa haivuki tepu?" Nikamwambia huvuka kila siku, huwa kuna ukungu unaotua hata kwenye gari la jirani. Akasema, "Basi umeelewa."

Nilielewa nusu. Nilidhani ukungu huo ni ule wa wiki zile, koo lililoungua mpaka nikawa nakunywa uji kwa kijiko cha chai, ngozi ya kifua iliyokuwa nyeusi kama iliyopitishwa pasi. Hayo yalipita. Hakuna aliyenificha kwamba mengine huja baadaye. Sista Njoki alituambia tukiwa tumekaa kwenye viti na dripu mkononi: pafu lililopigwa mionzi linaweza kufanya kovu miezi au hata miaka baadaye, ganzi ya vidole inaweza kuzidi hata dripu ikishaisha, masikio yanaweza kupungua, moyo nao unafaa kuangaliwa. "Ukiona kitu, usingoje tukuulize," alisema. Mimi nilikuwa namsikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya kifo redioni, nikingoja kusikia kama kuna jina langu.

Nilirudi gerejini mwaka mmoja na kitu baada ya mionzi. Nywele zilikuwa zimeota, laini kuliko za kwanza. Mzee Wekesa alinishika bega, akavaa tai ingawa ilikuwa Jumatatu. Nilipewa kazi ndogo, kusugua msasa, kufunga gazeti. Nilikuwa nachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Na sikio lilikuwa linalia. Mara mbili kwa siku nilikuwa nainuka kwenda kuzima kompresa ya hewa ambayo haijawashwa. Watu walinicheka na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sababu hilo la sikio niliweza kulitania.

La vidole sikumwambia mtu.

Ilianza kama kuvaa glovu ambazo hazivuliki. Ncha za vidole, halafu vidole vyote, na nyayo. Kliniki nilikuwa naenda kila walivyonipangia, na kila mara Sista Njoki aliniambia nifumbe macho, ananigusa vidole kwa kipande cha pamba na kuniuliza ni kipi. Mimi nilifumba jicho moja na nusu. Nilikuwa naona mkono wake kupitia kope. "Hiki. Hiki. Kile cha mwisho." Akiuliza habari ya pumzi, nasema niko poa. Akiuliza kikohozi, nasema ni baridi ya asubuhi.

Mtaniuliza kwa nini. Kwanza, niliogopa aandike kwenye faili kwamba kazi imeisha. Nilidhani kisipoandikwa bado hakijatokea. Pili, ile benchi ya kliniki. Tulianza matibabu watu sita tuliozoeana, tukijuana mpaka majina ya watoto. Kila nikirudi benchi ilikuwa na nafasi zaidi. Sasa wewe uliyebaki, umekaa na nywele zako mpya, utainua mkono useme vidole vyako vina ganzi? Niliona haya. Nilidhani aliyebaki anatakiwa kushukuru na kwenda nyumbani.

Basi Halima akaleta pikapu.

Halima ana lile duka la rangi la hapo kona, na anachanganya rangi kwa macho vizuri kuliko wenye kompyuta. Babu yake alitoka Somalia, yeye amezaliwa hapa hapa Eastlands na anabishana kama mtu wa hapa. Pikapu ya duka lake ilikuwa imegongwa mlango wa kushoto na ubavu wote. Alitaka ipigwe upya yote, rangi ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi.

"Hii nampa Mesh," alimwambia Mzee Wekesa.

"Mesh bado anapata nguvu," Mzee akasema.

"Atazipatia kwa gari langu. Mimi sitaki mkono mwingine. Mesh, unaweza ama huwezi?"

"Naweza," nikasema. Sikuchukua hata pumzi moja kufikiri. Nilijua kwamba pikapu hii ikitoka safi, mimi ni mpiga rangi tena, na daftari langu la gereji ya Tena litatoka chini ya godoro. Na isipotoka safi, basi.

Rangi ya buluu iliyokoza haisamehi, mjue. Nyeupe inaficha makosa, kijivu inaficha kiasi. Ile inaonyesha kila kitu kama maji yaliyotulia. Nilinyoosha, nikapaka fila, nikasugua. Ilipofika kupapasa nilifunga macho, nikapitisha kiganja cha kushoto, nikasikia kitu kama blanketi. Nikajaribu bila kitambaa. Blanketi. Nikajaribu mkono wa kulia, nikajaribu mkono wote mpaka kiwiko. Mwishowe nikagundua kwamba uso wangu bado unasikia, nikaweka shavu kwenye mlango, nikalipitisha polepole.

Mzee Wekesa akanikuta hivyo.

"Unabusu gari la mtu?"

"Naangalia mstari, Mzee."

"Na shavu?"

"Ni njia mpya."

Alinitazama kidogo. Mzee si mjinga. Alinyoosha mkono kama anayetaka kupapasa mwenyewe, halafu akaurudisha mfukoni. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa kunivunja moyo kuliko alivyoogopa kuharibu gari. Hapo sote wawili tulikosea.

Siku tatu nilifanya kazi na shavu kwenye vumbi la fila, bila barakoa, kwa sababu nikivaa barakoa pafu langu moja na nusu lilikuwa linakataa. Mpiga rangi mwenye kovu kwenye pafu akilala juu ya vumbi. Sitaki hata kuongeza neno.

Pikapu ikapigwa rangi. Ndani ya banda ilikuwa nzuri mpaka nilitaka kulia. Halima akaja saa tano asubuhi, akaiendesha mpaka nje kwenye jua, akashuka, akasimama mbali kidogo. Akanyamaza. Kunyamaza kwa Halima si cheti.

"Mesh, njoo hapa nilipo."

Nikaenda.

"Ule mlingoti wa stima upande ule uko wima?"

"Uko wima."

"Sasa uangalie kwenye mlango wangu."

Mlangoni mlingoti ulikuwa unatembea kama nyoka. Ubavu wote ulikuwa mawimbi, bonde, kilima, bonde. Kipofu angeyaona kwa mkono, na mimi nilikuwa na macho mawili na mikono miwili.

Nilianza kueleza kuhusu fila mbovu. Kikohozi kikanikata, kikawa kirefu, nikashika ukuta. Halima hakusema kitu kuhusu gari. Aliniingiza dukani kwake, akanikalisha kwenye ndoo ya rangi, akamimina chai ya rangi kutoka kwenye birika kwenye kikombe cha bati, akanipa. Nikakishika kwa viganja viwili, nikakaa nacho, nikaanza tena hadithi ya fila.

"Mesh," akasema polepole, "weka hicho kikombe chini."

"Kina nini?"

"Chai imetoka motoni sasa hivi. Mimi mwenyewe nimekishika na leso."

Nikakiweka chini. Viganja vilikuwa vyekundu, na kimoja kilikuwa kimeanza kuinuka lengelenge. Sikuwa nimesikia kitu.

Akauliza, "Daktari anajua?"

"Bado."

"Miaka miwili unaenda kliniki. Unawaambia nini?"

"Kwamba niko poa."

"Basi wamekuwa wakimtibu mtu mwingine," Halima akasema. Akainuka akatafuta maji baridi.

Sikungoja siku yangu ya kliniki. Nilienda kesho yake asubuhi. Sista Njoki alipochukua pamba nilifumba macho yote mawili, na kila alipouliza nilisema, "Sijui." Akagusa mkono mzima. "Sijui, Sista. Sijajua kwa muda mrefu." Nilimsikia akiacha kuandika. Nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu, "Miguu pia?" Nikasema miguu pia. Nikamwambia na pumzi, na sikio, na vumbi, na shavu. Nilimwambia yote kama mtu anayetapika.

Walinipiga picha ya kifua, wakanipimisha pumzi na moyo. Siku niliyorudi kwa majibu, daktari aliniwekea picha mbele ya taa. Kansa haikuonekana. Palipopigwa mionzi palikuwa na kovu jeupe, na kando yake mapafu yalikuwa yamekasirika kwa vumbi. Hasira hiyo ingetulia kwa dawa. Kovu halilainiki. Vidole, alisema, vya wengine hurudi kiasi, lakini baada ya muda wote huo nisiweke matumaini mengi. Kisha akaniambia na lile ambalo wengi hawapendi kusikia: kwamba kansa yenyewe inaweza kurudi, na kwamba matibabu haya haya, miaka mingi mbele, yanaweza kuleta nyingine. Ndiyo maana kliniki haiishi.

"Sasa mbona mlinipa?" nikamuuliza. Sikuuliza kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka tu.

"Kwa sababu bila hayo tusingekuwa tunazungumza mimi na wewe," akasema. "Na ungetuambia mapema kuhusu vidole, kuna maumivu na ajali tungekuepushia. Kuhusu rangi, Meshack, hapana. Hata na barakoa. Hilo pafu halina nafasi ya kukosea tena."

Mmeniona nikitania mambo mengi. Hilo sikulitania. Niliuliza mara mbili, kama kuna njia, kama naweza kupiga magari madogo tu, milango tu. Alijibu hapana mara mbili, bila kukasirika.

Pikapu ya Halima aliirudia Mzee Wekesa mwenyewe. Alipapasa na mkono wake uliozeeka, akaweka chaki mlango mzima mpaka ukawa kama ubao wa darasa. Mimi nilikaa kando nikimwambia kama rangi anayochanganya Halima imelingana, maana macho yangu kwa rangi hayajapotea. Wakati mmoja alisema, akiwa amenipa mgongo, "Ile siku ya shavu ningekuuliza vizuri." Nikamwambia, "Ningekudanganya, Mzee." Akaendelea kusugua.

Kwa hivyo vijana wangu, barakoa mtavaa, hilo nimeshasema na nitasema mpaka mnichoke. Lakini mmoja wenu akija kuugua, na Mungu aepushe, siku akiambiwa amepona asidhani mwili umesaini na kufunga faili. Mwili utaendelea kuongea kwa miaka. Mtu akikuuliza unasikiaje, mjibu. Usimjibu mwenzako wa benchi ambaye hayupo tena, wala usijibu daftari la ndoto zako. Jibu kuhusu kidole anachokigusa.

Siku ile ya majibu, daktari alipomaliza nilikuwa bado kifua wazi. Akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine, tukabaki mimi na Sista Njoki. Nikavaa shati, na vifungo vikanishinda. Nyumbani nilikuwa nimezoea fulana, kliniki nilikuwa nimezoea kutembea nimeshika shati kwa mkono nikijifanya nina haraka. Sista aliona. Nikadhani atainuka anifunge kama mtoto. Hakuinuka. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Fanya kwa macho. Usiharakishe."

Nikakiangalia kifungo cha juu, nikakipeleka kwenye tundu lake kwa kuangalia, kikatoka, nikakirudisha. Nje watu walikuwa wanaitwa majina. Alikaa na faili langu kwenye magoti mpaka nikafika kile cha mwisho.